Matanga ya Mmarekani wa Purmerend

Clyde Hankerson alikufa mara ya kwanza mwaka 1978, kwenye barabara kuu huko Alabama, kwa kugongwa na lori la karanga. Lori hilo nalijua vizuri. Liliundwa katika ofisi moja ya Purmerend, kaskazini kidogo ya Amsterdam, na fundi wake alikuwa produsa aitwaye Terpstra, siku alipochoshwa na maswali ya gazeti. Walimwuliza nyota wake wa muziki wa soul kapotelea wapi. Hakutaka kusema kwamba santuri zimeacha kuuzwa na nyota sasa anaendesha metro. Akasema karudi kwao, kagongwa. Gazeti likaandika. Hakuna aliyepiga simu Alabama kuuliza, maana simu ya Alabama ilikuwa ghali, na mtu mweusi ambaye hauzi tena hafikii bei ya simu.

Hankerson hakuwahi kukanyaga Alabama. Alizaliwa Paramaribo, Suriname, koloni la Waholanzi kule Amerika Kusini, katika ua wa Mama Ernestine Zeegelaar, akapewa jina Wilgo. Tulikuja Uholanzi msimu mmoja, yeye na mimi, tukaingia jengo moja hapa mtaa wa Bijlmer, Amsterdam, na mpaka leo milango yetu inatazamana. Mimi nilikuwa nachapa vikaratasi vya kuwaambia watu wetu wavunje makufuli ya nyumba zilizokaa tupu huku familia zikilala kwa jamaa, watu wanane chumba kimoja. Wilgo alikuwa anaimba.

Terpstra alikuwa mfanyabiashara wa jibini aliyenogewa na muziki. Studio yake ilikuwa ghala la jibini, na ukinusa majalada ya santuri zile utaamini. Alimsikia Wilgo kwenye sherehe yetu moja, akamwita pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na sahani yangu, kwa hiyo sikuhadithiwa.

"Sauti hii ni dhahabu," alisema. "Lakini Mholanzi hatanunua soul ya Msuriname. Atanunua ya Mmarekani."

Alisema kweli, mshenzi yule. Mholanzi akisikia Suriname anakumbuka dhambi zake. Akisikia Alabama anakumbuka dhambi za mtu mwingine, na juu ya dhambi za mtu mwingine binadamu hulia vizuri zaidi.

Mtaniuliza Wilgo alikubalije kuvuliwa jina. Kwanza alikuwa na miaka ishirini na mbili. Pili, jina la Zeegelaar lenyewe lilitoka wapi? Mwaka 1863, minyororo ilipokatwa, karani alikaa mezani akagawa majina kama mtu anayegawa viatu vya msaada: huyu jina la bwana wake limekatwa mkia, yule jina la shamba limegeuzwa kichwa chini. Mzungu kumbandika mtu wetu jina haikuwa habari mpya. Tofauti ni kwamba hili la karani tulikuwa tumeshalivaa zaidi ya miaka mia. Tumelizikia wazee, tumeliozea mabinti. Lilikuwa limeshakuwa letu. La Terpstra lilikuwa bado linanuka jibini.

Basi Wilgo akawa Mmarekani. Alikatazwa kusema Kiholanzi hadharani. Alinunua mkate kwa Kiingereza kwa mwokaji ambaye wiki iliyopita alimwuliza kwa Kiholanzi habari za mafua yake. Waandishi wa habari aliwasimulia mashamba ya pamba, yeye ambaye pamba aliijua ile ya kusafishia masikio tu. Nilimcheka mpaka mbavu zikauma. Tulidhani tunawachezea.

Mwaka 1973 Terpstra akapata wazo lingine. Akampeleka Clyde Hankerson ziara ya ng'ambo: Curaçao, kisha Paramaribo. Akampeleka mtu kwao, kama mgeni.

Ukumbi ulijaa. Jukwaani aliwekwa mkalimani, kijana wa pale pale, wa kumtafsiria nyota lugha aliyonyonya nayo. Mama Ernestine alikaa safu ya pili, kitambaa cha kichwa kimepigwa wanga, binti yake Hermien ubavuni. Wimbo wa pili ulipokwisha mama akasimama.

"Nono," akasema, kwa jina la nyumbani. "Mwanangu, umekonda."

Terpstra alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Mkalimani akamgeukia Wilgo, akamwambia kwa Kiingereza kwamba bibi yule anasema amekonda. Na Wilgo alisubiri tafsiri mpaka ikaisha. Kisha akajibu, kwa Kiingereza cha puani:

"Mwambie bibi nashukuru. Kwetu Alabama tunakula vizuri."

Mama akaketi. Kesho yake asubuhi waliruka. Mama Ernestine alifariki mwaka 1981 na Wilgo hakuwa amerudi, kwa aibu tu, hakuna sababu nyingine. Alipopiga simu kuuliza mazishi, Hermien alimjibu maneno ambayo Wilgo amenikariria mara nyingi kiasi kwamba nayajua kama yangu: "Mama yangu hakuzaa Mmarekani. Siku santuri yako itakapobeba jina la nyumba hii, njoo uketi mezani kwangu. Kabla ya hapo usiuone mlango wangu." Akakata simu. Toka siku hiyo, akisikia sauti ya kaka yake, anakata.

Mwaka jana, mwezi wa tano, Wilgo alikuja mlangoni kwangu akihema kama aliyekimbizwa.

"Lothar, njoo uone. Niko kituoni."

"Unafanya nini kituoni? Ulishastaafu."

"Nimebandikwa."

Tulikwenda. Kwenye ukuta wa kituo cha metro, mahali alipopita na treni yake maisha yake yote ya kazi, lilikuwapo bango refu kuliko mtu. Wilgo wa miaka ishirini na mbili, suti nyeupe, macho yamefumbwa. Chini: Clyde Hankerson, 1949–1978, sauti iliyozimwa njiani. Kampuni moja ya vijana ilikuwa inatoa upya santuri zake. Watu walipita na vidude vya muziki masikioni, na nikawaza kwamba huenda wengine miaka yote hiyo walipanda metro ya Wilgo wakilia kifo cha dereva.

Mimi damu ilinipanda. Wilgo alikuwa anatabasamu.

"Wanaitoa upya," akasema. "Unaelewa? Wakiweka jina langu, Hermien atafungua. Ana miaka themanini na mbili, Lothar. Moyo wake unapiga unapotaka, siyo inavyopasa. Hii ndiyo nafasi iliyobaki."

Ofisi ya kampuni ile iko bandarini, katika jengo lililokuwa ghala la kakao. Hakuna anayejiuliza kakao hiyo ilichumwa na nani. Wameliacha neno KAKAO ukutani kwa sababu linapendeza. Mwenyewe anaitwa Jurriaan, ndevu zimechanwa vizuri, shati la kibarua ambalo halijawahi kuona kazi. Alitukaribisha kahawa yenye maziwa yasiyotoka kwa ng'ombe.

"Kijana," Wilgo akasema, "mimi ndiye Clyde Hankerson."

Jurriaan akatoa tabasamu la daktari kwa mgonjwa wake. "Mnakuja wengi. Mwezi uliopita alikuja mwingine kutoka Rotterdam."

Wilgo hakubishana. Aliweka kikombe chini, akasimama katikati ya maboksi na koti lake la mvua, akaimba. Sauti imezeeka, sisemi uongo, imepata kutu kwenye kona. Lakini msichana aliyekuwa akisaga kahawa alizima mashine. Jurriaan machozi yalimlowesha ndevu. Wilgo alipomaliza, kijana alifuta ndevu, akasema:

"Sasa tutafanyaje?"

"Tutafanyaje nini?" nikamwuliza.

"Majalada yameshachapwa."

"Chapa mengine."

"Siyo karatasi tu, Lothar." Mara ya kwanza kuonana, na umri wa mjukuu wangu, ananiita Lothar kama tumekua pamoja. "Ni ile hadithi yake. Watu wanampenda Clyde kwa sababu hayupo."

"Yupo. Anakunywa kahawa yako."

"Wimbo wa tatu niliurekodi Februari, nina homa," Wilgo akaingilia, akidhani kinachotakiwa ni ushahidi. "Sikiliza mwishoni, sauti inakwama."

"Hapana," Jurriaan akasema. "Ilikuwa Novemba. Alikuwa ameachwa na mwanamke wa Memphis."

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua hayasikiki hivyo," akasema kijana kwa upole mkubwa.

Nilitaka kusimama. Wilgo akanishika mkono.

"Kijana wangu, sikuja kuomba pesa. Hizo niliziaga zamani. Naomba maneno mawili chini ya picha: Wilgo Zeegelaar. Hankerson libaki juu, kubwa unavyotaka. Nina dada Paramaribo, anangoja jina hilo litokee ndipo anipokee. Hatangoja sana."

Jurriaan alimsikiliza kweli, hilo nampa. Aliweka mkono kifuani. Kisha akasema jina ni zuri, lakini kuna watu Tokyo na Chicago wanaomtafuta Clyde, hawamtafuti mwingine, na jalada lenye watu wawili linachanganya. "Ila kuna nafasi nyingine," akasema, na uso ukamng'aa. "Mfuko wa urithi wa utamaduni uliotusaidia umetuuliza: Suriname iko wapi katika mradi huu? Hatukuwa na jibu. Sasa Mungu kakuleta. Siku ya uzinduzi ungekaa jukwaani kama rafiki wa Clyde. Msuriname aliyemjua. Tutakutafutia vazi la kwenu."

Nawaomba msome tena kwa makini. Mwaka 1971 walimwambia avue Usuriname ili awe Mmarekani. Sasa wanamwambia avae Usuriname ili awe rafiki wa Mmarekani huyo. Mtu yule yule. Wamemtumia pande zote mbili kama mkeka.

"Na huyo Clyde," Wilgo akauliza polepole, "alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpweke," Jurriaan akajibu bila kufikiri.

Njiani kurudi nilimpangia vita. Vikaratasi mlangoni mwa ukumbi, siku ya uzinduzi, rangi nyekundu. Nilikuwa nimeshapata kichwa cha habari. Wilgo alitazama dirishani mpaka tukafika.

"Vikaratasi vyako vilinipa nyumba, Lothar, sikatai," akasema tulipokuwa tunapanda lifti. "Lakini Hermien macho yake hayasomi tena. Na hata angesoma, hicho kingekuwa chako, siyo changu." Akafungua mlango. "Yule kijana anasema nimekufa. Kwetu mtu akifa hufanywa nini kwanza?"

"Hutangazwa."

"Basi."

Sisi watu wa Paramaribo tuna jambo hilo. Adhuhuri redio hupiga kinanda, kisha husoma vifo, na mji wote husimama. Kisu huachwa juu ya kitunguu. Na kwa kuwa hakuna anayemjua mwenzake kwa jina la cheti, lazima yasomwe majina yote, la kanisani, la kazini, la uani, na kila jamaa aliyeko hai popote, Rotterdam, Cayenne, Curaçao. Mtu aliyeishi kimya miaka themanini, siku hiyo anatangazwa kuliko waziri.

Aliyepokea simu kule redioni alikuwa Bi Carmelita, anayesoma vifo tangu kabla ya uhuru. Wilgo alimweka kwenye spika.

"Marehemu nani?"

"Clyde Hankerson."

"Mtu wa wapi huyo?"

"Alabama. Amefia Purmerend."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Lori la karanga. Mara hii ni jalada."

Tulisikia kalamu. "Ghafla," Bi Carmelita akajisemea. "Alijulikana zaidi kwa jina gani?"

Wilgo alikuwa amejiandaa kwa swali hilo, ndilo lililomfanya apige simu, lakini likamkuta mdomo mkavu. Akatazama sakafu.

"Wilgo Zeegelaar," akasema.

"Zeegelaar wepi? Wamejaa tele."

"Wa Mama Ernestine, mtaa wa Frimangron. Nyumbani aliitwa Nono."

"Sasa tunaelewana. Wafiwa?"

"Hakuna."

"Mzee, kifo kisicho na watu mimi sikisomi. Hii ni redio, siyo jaa la taka."

Yule mama akauliza kama simu imekatika.

"Ana dada," Wilgo akasema. "Hermien."

"Ameshajua?"

"Atasikia kwenu."

"Hmm. Na wewe unayepiga, ni nani kwa marehemu?"

"Nilimjua," akasema Wilgo. "Alikuwa mpweke."

Saa kumi na moja jioni yetu, adhuhuri yao, tulikaa na simu katikati ya meza, redio ya Paramaribo inatoka humo kwa sauti ya nyuki. Kinanda. Kikongwe wa Nickerie. Mvuvi mmoja. Kisha: "Amefariki ghafla ng'ambo Clyde Hankerson, mwimbaji, aliyejulikana zaidi kwa jina la Wilgo Zeegelaar, na zaidi ya hapo kwa jina la Nono, mwana wa marehemu Mama Ernestine wa Frimangron. Wanaomboleza dada yake Hermien na familia yote ya Zeegelaar."

Wilgo alikuwa amefunika uso kwa viganja. Miaka arobaini na kitu, na jina lake lilikuwa linasomwa kwa nchi nzima, polepole, na mtu anayejua kusoma majina. Nikafikiri imeisha hapo.

"Matanga," Bi Carmelita akaendelea, "nyumbani kwa dada yake, kuanzia leo jioni mpaka siku ya nane."

Wilgo aliinua kichwa. "Sikusema hivyo."

Hakusema. Bi Carmelita aliongeza mwenyewe, kwa mazoea. Kwetu, penye dada, matanga ni kwa dada. Nani wa kuuliza?

"Lothar," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona kazeeka, "nimemtupia dada yangu maiti mlangoni."

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Tulijua kinachoendelea kule: mtu akitangazwa, watu huja, na wakija lazima wakute kahawa, mkate, samaki wa chumvi, viti. Mama wa miaka themanini na mbili, moyo mbovu, na ua unajaa watu wanaokuja kulia ndugu aliyemfungia mlango. Kama alikuwa na sababu moja ya kutomsamehe, sasa Wilgo alimpelekea ya pili kwa redio.

Akiwa bado kashika simu, mlango ukagongwa. Alikuwa Muriel Blokland wa ghorofa ya chini, kabeba sinia la pom, kile chakula chetu cha kuku wa oveni, limefunikwa kwa taulo. Bijlmer nzima husikiliza redio ile.

"Nimeambiwa umekufa," akamwambia Wilgo.

"Nami nimesikia."

"Pole sana. Sogea basi, sinia zito."

"Dada Muriel, si unaniona niko hai?"

"Nakuona. Pom nayo nimeshaipika. Unataka niirudishe mbichi?"

Nyuma yake walikuwa wengine, na wengine lifti ilikuwa inawaleta. Wapo waliokuja kulia, wakamkuta, wakakaa kula. Wapo waliosema mzaha huu ni laana. Mzee mmoja wa kanisani alikataa katakata kumpa mkono Wilgo kabla hajaonyeshwa cheti, wala hakusema anataka cheti cha nini. Wilgo alipita katikati yao na simu sikioni, ikilia Paramaribo bila kujibiwa.

Kesho yake mchana akaja Jurriaan, na maua meupe.

"Nimesoma mtandaoni," akaniambia mlangoni, macho mekundu. "Paramaribo wanamlilia Clyde. Ua mzima. Wanaimba nyimbo zake kwa kukumbuka tu. Sikujua kwamba alipendwa kule."

"Alipendwa huko, naam," nikasema.

Akaingia. Wilgo alikuwa mezani, kijiko mkononi, bila kula. Jurriaan akamwinamia, akampa pole. Narudia, maana najua hamtaniamini: alimpa Wilgo Zeegelaar pole kwa kifo cha Clyde Hankerson, akamwekea maua mbele yake. Kisha akaketi na kushusha sauti.

"Nisingependa kuonekana sina adabu. Lakini je, ungeweza kuwauliza wale wa kule kama tunaweza kurekodi? Ingekuwa santuri ya pili. Matanga yenyewe."

"Mtawaandika majina?" Wilgo akauliza.

"Majina ya nani?"

"Wanaoimba."

Jurriaan alifikiri kwa dhati. "Tungeandika: wenyeji."

Wilgo alichukua yale maua akamrudishia, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto kwa mama yake. "Kampelekee mwenyewe huyo Clyde," akasema. "Wewe ndiye unayejua alikozikwa."

Nilimsindikiza kijana mpaka kwenye lifti na kumpa maneno kadhaa ambayo hayafai kuchapwa. Bado sijamaliza naye.

Asubuhi iliyofuata, kwetu watu wanakwenda kazini, kwao bado giza na matanga hayajavunjika, simu ililia. Wilgo aliipokea kwa mikono miwili.

"Wewe mtoto, umekufa au hujafa?" Sauti ya Hermien ilijaa jikoni. Nyuma yake makofi, watu wanaimba wimbo ule wa tatu, wa mafua, kwa mwendo wetu, mtu anagonga benchi. "Sema moja. Nina kahawa jikoni."

"Sijafa, dada."

"Nilijua. Ungekuwa umekufa usingetangaza vizuri hivyo. Nani kakupa ruhusa ya kufa nyumbani kwangu?"

"Bi Carmelita kaongeza."

"Carmelita nitamfuata mwenyewe. Sikati kwa sababu kuna watu hapa wananitazama. Usidhani." Akahema. Mtu akamwuliza viko wapi vikombe, akajibu, akarudi. "Niliwaambia watu hawa hamjambo, nendeni makwenu, huyu mtu haji hapa na hajafa. Hawaendi. Wameshakaa. Jana Lucien Baarn, yule aliyekuwa muuza samaki, kasimama kuhadithia. Unajua matanga yalivyo, lazima waseme mambo ya marehemu. Kahadithia ile siku ya ukumbini."

Wilgo akavuta kiti, akaketi.

"Kasema alitoka ukumbini nyuma ya Mama. Kasema Mama alikuwa anacheka mpaka kashika ukuta. Eti alimwambia: mwanangu anawaongopea Waholanzi mpaka mimi mwenyewe nimekaribia kuamini. Ua wote ukasema ndiyo, eti ukumbi mzima ulijua, eti walikuwa wanapiga makofi ili wasikuharibie. Ukumbi mzima, Wilgo. Mimi nimekasirika miaka yote hii peke yangu, kama mjinga."

"Mama hakukwambia?"

"Mama aliniambia nini maishani? Nilirudi naye nyumbani njia nzima, kafunika mdomo na kitambaa. Nikadhani analia. Au Lucien kadanganya. Kwenye matanga watu hudanganya ili mkate uendelee kuja. Sina nguvu za kuchunguza."

"Dada, santuri haikupata jina. Nilijaribu. Wamekataa."

"Santuri, santuri. Nani hapa ana mashine ya santuri? Tangu adhuhuri ya juzi kila anayepita anauliza ndiko kwa Zeegelaar, yule mwimbaji? Nimechoka kuitika." Akafunika simu, akamgombeza mtu kuhusu sukari, akarudi. "Sikiliza. Siku ya nane watu watataka kuaga, na hakuna wa kuagwa. Sitasimama peke yangu mbele ya Frimangron nzima na picha. Uje uwaambie mwenyewe kwamba hukufa. Na njoo na kahawa, ile ya kwenu, nyingi. Wamenimalizia yote kwa ajili yako."

Akakata. Lakini mara hii alikata kama mtu mwenye kazi.

Santuri ilitoka Ijumaa. Juu yake Clyde Hankerson, chini yake miaka ile ile ya uongo, na stika mpya ya njano: taifa zima lamlilia. Niliinunua ili niwe na ushahidi, nikaivusha mpaka kwa Wilgo nikiwa na hotuba kamili mdomoni. Nilimkuta kapiga magoti mbele ya sanduku. Muriel alikuwa kalikalia kifuniko na bado halifungi.

"Kilo zimezidi," Muriel akasema. "Toa kahawa kidogo."

"Kahawa haitoki."

Nikamwekea santuri juu ya kitanda. Aliitupia jicho, akasoma stika, akaguna, akaisogeza ili apate nafasi ya kukunjia. Kisha akaingiza mkono chini kabisa ya sanduku, akavuta suti nyeusi aliyoinunulia matanga yake, akaitundika mlangoni, na kifuniko kikafunga.